Kengele ya Friza ya Mama

Mama yangu alikuwa haendi harusi kwa sababu ya kinyozi.

Nyumba yetu Msambweni haikuwa na umeme miaka ile, na mama aliuza samaki na barafu. Kwa hiyo friza yake aliiweka kwenye chumba cha kinyozi kando ya barabara, ambako nyaya za umeme zilikuwa zimefika. Kinyozi alikuwa mtu mwema, mcheshi, na msahaulifu kupita kiasi. Chumba kizima kilikuwa na soketi moja iliyofanya kazi. Mteja akija, kinyozi aliichomoa friza, akachomeka mashine yake ya kunyolea, akanyoa, akapiga soga, akafunga mlango na kwenda zake kula. Mama alipoteza nguru, akapoteza pweza, na mara moja alipoteza kamba walioagizwa na hoteli ya Diani. Hakugombana naye, maana chumba kilikuwa cha kinyozi na kodi yake ilikuwa ya kujuana. Alichofanya ni kuacha kutoka. Harusi za Bodo, kijiji alikozaliwa, akawa anazipata kwa kusimuliwa tu: nani alivaa nini, nani alicheza mpaka kanga ikamdondoka. Alisikiliza huku akicheka, nami kicheko kile kilikuwa kikiniuma.

Nikajiapiza kuwa mimi, si mwingine, ndimi nitakayemrudisha mama harusini.

Na uwezo nilikuwa nao. Marehemu baba alikuwa fundi wa redio, na tangu utotoni kazi yangu ilikuwa kumshikia tochi. Alipofariki aliniachia chuma chake cha kulehemu, na sanduku la vipuri ambalo ndugu zangu wa kiume hawakulitaka. Kila Jumapili alasiri nilikwenda Bongwe, kwenye kibanda cha fundi mmoja wa televisheni, ambako tulikutana watu wachache tuliokuwa na wazimu wa aina moja. Palikuwa na mwalimu wa sekondari aliyetengeneza kidude cha kutambua udongo uliokauka kwenye miche yake ya minazi. Palikuwa na nahodha kutoka Shimoni aliyefunga nyaya mbili chini ya mashua, maji yakiingia taa inawaka. Na nilikuwepo mimi, mwanamke peke yangu, na sitaficha kwamba nililipenda hilo. Nikiingia walisogea. Nikisema, walinyamaza.

Pale mezani palikuwa na desturi moja ambayo mwenye kibanda hakuivunja kwa ajili ya mtu yeyote. Chochote utakachokileta, hukileti kikiwa kimefungwa. Unafungua kifuniko mbele za watu, mwenzako anakishika kwa mkono wake na kukigeuzageuza, kisha wewe unachukua chaki na kuchora sakiti yako kwenye mlango wa bati, na yeyote anayetaka anainakili. Nilikuwa nikiifuata desturi hiyo bila tabu, kwa kuwa muda mrefu michoro iliyonakiliwa zaidi ilikuwa yangu.

Halafu akaja yeye.

Alikuwa mtu wa bara, fundi wa matengenezo katika hoteli moja ya Diani. Wakati wa zile vurugu za kuwafukuza watu wa bara alikuwa amekimbilia kwao pamoja na wengine, na hoteli zilipoanza tena kupata wageni akarudi. Jumapili alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, shati jeupe limepigwa pasi, viatu vimeng'aa. Siku ya kwanza alileta kidude kilichopima joto la maji ya bwawa la kuogelea na kupeleka habari bila waya mpaka kwenye karakana yake. Akafungua kifuniko. Yallah, ile kazi ya mkono! Kila tone la risasi ya kulehemu lilikuwa dogo na la mviringo, nyaya zimelala pamoja. Mwalimu akatoa miwani. Nahodha akamwuliza maswali mpaka chai ikapoa. Mchoro wangu wa wiki iliyotangulia ulikuwa bado mlangoni, na mwenye kibanda akaufuta kwa kiganja ili mgeni apate nafasi ya kuchora.

Kipya kinyemi, nikasema moyoni, kingawa kidonda. Nikangoja wamchoke. Hawakumchoka. Kiswahili chake kilikuwa cha "hii kitu" na "ile mtu", nami nilimsahihisha mbele ya wenzangu kwa sauti tamu. Alinishukuru. Hakuna linalochosha kama kumchukia mtu anayekushukuru. Jumapili moja alipanda nami gari hadi Msambweni kununua samaki, akamwamkia mama shikamoo kwa kuinama kabisa, na mama akampa changu wawili wa ziada. Mimi mwanawe nilikuwa nikipewa vichwa. Nilipomwuliza, mama akanijibu kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilitaka kumwuliza mimi nimepona nini.

Kwa hiyo nilipomaliza kidude cha friza ya mama, sikukipeleka mezani kufunguliwa.

Kilikuwa kazi nzuri. Ndani ya friza niliweka kihisi kidogo cha joto. Juu yake, ndani ya mkebe wa plastiki wa siagi, nikaweka kirushia-sauti cha transista moja, chenye betri yake na koili ya waya niliyoizungusha kwenye kalamu. Friza ikianza kupata joto, kidude kinaanza kulia, na mlio wake unasikika nyumbani kwenye redio ndogo ya betri, mahali nilipopatia alama kwa rangi ya kucha. Friza ikiwa baridi, redio inavuma tu. Nilikijaribu mara nyingi, kikafanya kazi kila mara.

Lakini nilijua kwamba siku moja yule bwana angefika kwa kinyozi, angeuona mkebe, angeinua kifuniko, na Jumapili ifuatayo koili yangu ingechorwa mlangoni kwa chaki yake, ikiwa nzuri zaidi. Nikayeyusha mishumaa nikaimimina ndani ya mkebe mpaka ukajaa. Nta ikaganda, nyeupe, laini, hakuna kinachoonekana. Kisha nikaisogeza alama ya rangi kidogo kwenye redio, kwa kuwa nta ilibadilisha masafa, nikaona nimemaliza. Mezani Bongwe niliwaambia ninacho kitu kinachofanya kazi. Mwenye kibanda akaniuliza mbona hakiji. Nikasema kimefunikwa nta kwa sababu ya chumvi ya pwani. Yule mtu wa bara akauliza kwa upole kama nta haitalainika kwa joto, chini ya bati. Nikamwambia kwamba huku kwetu tunalijua joto tangu kuzaliwa.

Binti wa dada yake mama alikuwa akiolewa Bodo. Mama alisitasita siku kadhaa. Nikamwapia. Nikamwonyesha redio, nikamwonyesha alama, nikaichomoa friza mbele yake jioni moja na kidude kikalia kama kilivyotakiwa. Alinitazama kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu baba afe, akaenda kutafuta hina.

Aliondoka asubuhi, friza imejaa kolekole aliowanunua kwa ajili ya soko la Ijumaa. Mimi nilibaki na redio. Nilipika, nikafua, nikaichukua redio hadi kisimani, ikivuma vizuri. Ningeweza kutembea kwa kinyozi kuangalia, ni mwendo wa kumaliza kipande cha muwa. Sikwenda. Kwenda kungekuwa kukiri kwamba sijiamini, na nilikuwa na fahari ya kukaa. Adhuhuri jua lilikuwa kali mpaka kuku walijificha chini ya kitanda. Redio ikaendelea kuvuma. Nikamwazia mama yuko Bodo anakula pilau, na nikamwazia yule bwana wa viatu ving'aavyo akipata habari.

Alasiri mtoto wa jirani akaja kununua barafu, tukaenda pamoja. Nilisikia harufu kabla sijafika mlangoni.

Kinyozi alikuwa amekwenda kula tangu kabla ya adhuhuri. Plagi ya mashine ilikuwa ukutani, ya friza ilikuwa sakafuni juu ya nywele. Nikaushika mkebe wangu. Nta ilikuwa laini kama samli, na koili ndani yake imelala upande. Redio nilikuwa nayo mkononi. Nikazungusha kitufe taratibu, nikiiacha alama nyuma, na huko chini kabisa nikakipata. Kilikuwa kinalia. Kilikuwa kimelia mchana kutwa, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa akisikiliza.

Mama alirudi na hina miguuni na sahani ya biriani aliyonifungia. Hakupiga kelele. Alinisaidia kuchimba shimo nyuma ya nyumba. Tulipokuwa tukifukia aliniuliza kwa nini nilitia nta, nikamwambia chumvi. Akasema chumvi, kama mtu anayerudia jina la mahali asipopajua.

Jumapili ile sikwenda Bongwe. Lakini habari za samaki hazihitaji miguu, na Jumapili iliyofuata yule bwana alikuja mwenyewe hadi Msambweni, na kasha dogo la mbao chini ya kwapa. Ndani yake palikuwa na vipuri vya gari la kuchezea, lile linaloendeshwa kwa mbali, ambalo mtoto wa mgeni aliliacha hotelini likiwa limevunjika magurudumu. Nusu moja aliiweka kwa kinyozi, ipate umeme kutoka plagi ileile ya friza. Nusu ya pili, yenye kengele, aliileta nyumbani. Kulikuwa na kijiwe cha fuwele kilichoshikilia mawimbi mahali pamoja, joto lije baridi lije. Kijiwe hicho mimi sikuwa nacho, kwa kuwa mimi sikukaa kwenye hoteli za kuokota vitu vya Wazungu. Hayo nilijiambia, na yalinitosha kwa dakika moja. Kisha akafungua kifuniko mbele ya mama, kama vile mama naye ni mmoja wa wale wa mezani, akamweleza.

"Mama, hii kitu ikisikia friza iko sawa, inanyamaza. Ikikosa kusikia, inalia."

"Kama mtoto na titi," mama akasema.

"Hivyo hivyo, mama."

Si kijiwe kilichoniuma. Ni kwamba jambo lenyewe lilikuwa rahisi mno. Changu kilinyamaza kikiwa kizima na kilinyamaza kikiwa kimepotea, na chake hakikuwa na njia ya kupotea kimyakimya. Hilo halikuhitaji hoteli. Lilihitaji akili tu, nami nilikuwa na miezi mizima ya kulifikiria, nikaitumia kuyeyusha mishumaa. Na mama, ambaye nilikuwa nimemweleza changu mara ngapi akaitikia tu "sawa mwanangu", hiki alikielewa kabla chai haijamiminwa.

Kikalia siku ileile. Kinyozi alipata mteja. Mama akanyanyuka bila kuuliza, akaenda, akachomeka, akarudi, akamtia mgeni samaki kwenye mfuko. Bwana yule akanigeukia akaniomba nije na mkebe wangu Bongwe, kwamba kihisi changu cha joto kilikuwa bora kuliko chochote alichonacho na angependa kukiona. Alisema kweli, naamini. Nikamwambia nimekitupa. Nilikuwa nimekificha uvunguni.

Tangu hapo mama akawa mtu wa kutoka. Akaenda maulidi, akaenda kumwangalia dada yake, akaenda harusi nyingine, ya watu ambao hata hatukuwajua vizuri. Redio na kengele vilibaki nami. Na mimi, ambaye siku ile nilikataa kutembea kipande cha muwa kwa ajili ya kidude changu, sasa nikawa natembea kila siku. Asubuhi nilikwenda kwa kinyozi, alasiri nikaenda tena. Nilifungua friza, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, chini kabisa, nikitafuta samaki mmoja aliyelainika huku kengele ikiwa imenyamaza. Mmoja tu angenitosha. Ningemchukua samaki huyo, ningepanda gari naye hadi Bongwe, ningemlaza juu ya meza mbele ya mwalimu na nahodha. Kinyozi alifikiri nimekuwa binti mwangalifu, akawa ananisifu kwa wateja.

Alasiri moja mama alirudi kutoka Bodo mapema kuliko alivyosema. Alipita kwa kinyozi kabla ya kufika nyumbani, akanikuta nimeinama, mkono wote umo ndani ya friza. Nikamwamkia bila kuutoa. Akaitikia marahaba, akaweka kikapu chake chini. Kinyozi alikuwa nje akizungumza na mtu.

"Chako nilikuwa nikija kukiangalia kila siku nawe hujui," akasema, "nikimwomba Mungu kisikuaibishe. Siku ile ya harusi tu ndiyo sikuja. Hiki chake unakiangalia ukiomba nini?"

Vidole vyangu vilikuwa juu ya kolekole aliyeganda sawasawa, mgumu kama jiwe.