Pweza wa Hamdan

Wanawake wa Fundo wanaoshuka mwambani kuchokoa pweza wana sheria moja isiyohitaji sheha wala polisi. Anayeliona shimo lenye pweza hupiga ukelele, "Wangu!" na hapo hakuna mwengine atakayelisogelea. Lakini ukishasema "wangu", ni wako kweli. Chochote kitakachotoka shimoni utakitia kikapuni mwako na urudi nacho nyumbani, ili watu wasidai mashimo ovyo ovyo.

Bi Mwanapili Haroub ameishi na sheria hiyo tangu akiwa mwali, na kwa miaka mingi ilimpendelea. Ni mfupi, mcheshi, mwepesi wa miguu. Kwa pweza alimsomesha mwanawe Hamdan na kuezeka nyumba yake bati. Jicho lake likipita juu ya mawe, lilijua nani yumo na nani kahama. Wenzake walimpa jina la Darubini.

Basi siku moja ya bamvua, maji yalipokupwa mbali sana, Darubini aliona kitu cheusi kikitikisika shimoni, kinajikunja na kujikunjua kama kinapumua.

"Wangu!"

Akatia mchokoo wake wenye ncha, akavuta. Ukatoka mfuko mweusi wa plastiki, umejaa mchanga.

"Darubini imeingia ukungu!" alipiga kelele Bi Mardhiya, shoga yake wa tangu utotoni. "Mtie kikapuni, mwenzangu, asije akakimbia. Na ukimpika, tui lisiwe jepesi!"

Bi Mwanapili alicheka nao, akautia mfuko kikapuni. Hakuwa hata amefika kwake, habari zilikuwa zimeshazunguka kisiwa, na kwa vile simu hazina staha, mjini Wete, ng'ambo ya maji, nako wakasikia.

Hamdan, anayeuza saruji na bati katika duka moja huko Wete, hakucheka. Bamvua lililofuata alivuka kwenda kumwona mama yake.

"Mama, macho hayo. Leo umechokoa mfuko, kesho utakanyaga samaki taa akuchome mwiba. Njoo Wete ukae na mjukuu wako, upumzike."

"Kwani nimekwambia nimechoka mie?"

"Mkweo Ruweida keshakutayarishia chumba. Kina feni."

Bi Mwanapili alikijua chumba hicho. Dirisha lake linatazamana na ukuta wa jirani, na mtu akikaa humo hajui kama bahari imejaa au imekupwa. Kwake yeye, kupumzika mle kulikuwa sawa na kukunjwa na kutiwa kabatini. Hata hivyo hakutaka kumvunja moyo mwanawe, na moyoni naye alikuwa ameanza kuyashuku macho yake.

"Sikiliza," alisema. "Kesho twende sote mwambani. Ukiniona hakika sioni, nitafunga virago mwenyewe."

Kesho yake Hamdan alikunja suruali, akamfuata. Shimo la kwanza lilikuwa na chupa ya maji. La pili lilikuwa na kipande cha jarife, wavu wa nailoni, na kaa aliyefia humo. Shimo ambalo marehemu mama yake Bi Mwanapili ndiye aliyemwonyesha lilikuwa limezibwa na polo, gunia la plastiki. Bi Mwanapili aliinama, akatazama, akasita, akapita. Woga wa kukosea ulimfunga ulimi. Alipita hata pale ambapo Bi Mardhiya, aliyekuja nyuma yake, alitoa pweza mnene.

"Umeona, mama?" alisema Hamdan kwa upole. "Alikuwepo, na wewe hukumwona."

Bi Mwanapili tayari alikuwa akiisikia ile feni.

Wakaendelea kutembea. Mara Hamdan akasimama ghafla. Chini ya ukingo wa jiwe kulikuwa na kitu cha kijivu kilichovimba, na kingo zake zikipepea taratibu kila maji yalipopita.

"Wangu!" alipayuka, akasahau umri wake na saruji yake. "Mama, wangu! Lete mchokoo!"

Wanawake wote wakageuka. Hamdan akatia, akavuta kwa nguvu zote. Ikatoka pampasi, imelewa maji, nzito kama unga uliokandwa.

Mwamba mzima ukaangua kicheko.

"Mashaallah, kilo ngapi huyo?"

"Hamdan, baba, mbona huyo hana mikono?"

Alipotaka kuitupa, Bi Mardhiya alimzuia. "We! Umesema wako. Mtie kikapuni."

Bi Mwanapili alikuwa akicheka hadi machozi. "Na macho yako nayo tuyapeleke Wete? Feni moja itatutosha?"

Kisha akaitazama vizuri pampasi ile. Ilikuwa na picha ya tembo mdogo. Kicheko kikampungua.

"Hamdan, si ndizo hizi anazovaa mjukuu wangu?"

Hamdan aliangalia maji. "Huenda, mama. Tunazitupa mikokoni. Maji yakijaa, yanazichukua."

"Yanazichukua. Na ulidhani yanazipeleka wapi?"

Hamdan aligeuka kuyatazama mashimo waliyoyapita. Pweza hakai katika shimo lililozibwa. Huhama, na mwanamke aliyeamka alfajiri hurudi na kikapu kitupu. Plastiki nayo haiozi, bali humeguka vipande vidogo vidogo, samaki wakavila, na samaki hao ndio kitoweo chetu. Mwamba ulikuwa unajaa taka, na taka hizo zingemdanganya hata kijana.

"Macho yako hayana neno, mama," alisema hatimaye. "Niambie tuanze wapi."

Wakarudi kwenye shimo lenye polo. Walivuta wote wawili, polo likang'oka, maji yakaingia shimoni kwa mlio.

Jioni Bi Mwanapili alichana kanga zake kuukuu, akakata winda za mtoto, akazikunja vizuri.

"Mpelekee Ruweida. Mwambie kufua si kufa. Na usimwachie peke yake, ufue na weye."

Pwani, Masoud, nahodha wa boti ya Wete, alikuwa amekwishawasha mashine.

"Bi Mwanapili yuko wapi? Si ulisema unaondoka naye? Nimemwekea nafasi kivulini."

Hamdan akapanda na winda zake kwapani, akaketi mwenyewe kivulini.

"Twende zetu," alisema. "Mama ana kazi."