Nilimnyamazisha Mwenzangu Kwenye Treni, Leo Ananiita Dada

Kosa ni langu, na nalisema mapema kabla hujaanza kunionea huruma. Sikusukumwa na mtu. Sikuwa na hasira wala njaa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kizuri, kiyoyozi kinapuliza, nikamfanyia mwenzangu jambo ambalo mpaka leo sijui nilirudishe vipi.

Mimi ni mwanamke wa Bariadi. Nina duka dogo la nguo huku mtaa wa Somanda, na mara kwa mara naenda Dar kufuata mzigo. Mzigo naupakia kwenye lori, mimi mwenyewe napanda treni ya umeme mpaka Dodoma, halafu nashika basi la kuja kwetu. Naipenda ile treni. Ni safi, inakimbia, watu wametulia. Nikiwa mle ndani najiona na mimi ni mtu.

Huo ndio ugonjwa wangu, jamani. Kutaka kuonekana mtu.

Safari hiyo nilikaa na akina dada wawili wa Dar waliokuwa wanakwenda semina Dodoma. Wamependeza, wananukia, kompyuta mapajani. Tukapiga stori za vitambaa na mishono, nikajisikia vizuri mno. Waliponiuliza natoka wapi, nikasema Mwanza. Niliogopa nikisema Bariadi wataniuliza ndiyo wapi.

Viti vichache mbele yetu alikaa mama mmoja aliyejifunga kitenge, na kapu lake kaliweka miguuni. Nitamwita Minza, ingawa si jina lake. Tulipoiacha Morogoro simu yake ikaita. Akapokea, akaweka spika, akaanza kuongea kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake aliye upande wa pili wa bonde. Kisukuma! Kisukuma cha kwetu kabisa!

"Mayu! Mayu, unanisikia?" Mayu ni mama. "Yule ng'ombe mweusi ameshazaa? Dume au jike? Na choroko, mmeshaanua? Uji umekunywa, mayu?"

Sauti ya upande wa pili ilikuwa ndogo, ya kukwaruza, inajibu neno moja moja.

Nilielewa kila kitu. Lugha ni yangu, nimenyonyeshwa nayo. Ila badala ya kusikiliza, mimi nilipatwa na aibu. Aibu ya kuungua masikio, kama vile ni mimi ninayepiga kelele. Nikaona anatuaibisha wote, anatumwagia kijiji kizima katikati ya behewa!

Mmoja wa wale dada akaziba sikio. "Jamani, hii ni lugha gani? Wanatokea wapi hawa?"

"Sijui," nikasema. Halafu, ili wacheke, nikaongeza, "Watu wengine wanapanda treni kama wamepanda trekta."

Wakacheka! Walicheka mpaka mmoja akanigonga bega, na mimi nikavimba kichwa. Laiti ningeishia hapo.

Sikuishia. Mhudumu wa behewa alipopita nikamwita. Binti mdogo, mpole, na sare yake. Nikamwambia yule mama anatusumbua, na tangazo limeshasema watu wapunguze sauti za simu.

Yule binti akasita. "Dada, wewe unaelewa anachoongea? Nisije nikamkatisha, kumbe ana tatizo."

Aliniuliza! Ndugu zangu, aliniuliza kabisa, kwa upole, akanipa nafasi ya kuwa binadamu.

"Hapana," nikasema. "Hiyo lugha siielewi. Ila anatusumbua."

Akaenda. Nikamwona anainama na kumwambia kuna abiria aliyelalamika. Minza akageuka akaona macho ya behewa zima yako kwake. Akasema "Nisameheni, nisameheni," huku kakunja mabega kama mtoto aliyekemewa. Kwenye simu akasema kwa Kisukuma, "Mayu, nitakupigia nikishuka." Akakata. Halafu akaizima kabisa, isije ikaita tena ikasumbua watu.

Behewa likawa kimya. Yule dada akaniambia asante. Nikalala usingizi mzuri.

Tulishuka Dodoma. Nikiwa natafuta njia ya kutokea nikasikia yowe. Lilikuwa yowe la msiba, ambalo ukilisikia mwili unasisimka kabla hujajua ni nani. Ni Minza. Alikuwa amewasha simu, na ujumbe wa kwanza kuupata ni kwamba mama yake amefariki hospitalini Bariadi, sisi tukiwa bado njiani.

Alikuwa anaanguka, kapu limemwagika. Sijui miguu yangu ilitoka wapi. Nikamdaka, nikamwambia kwa Kisukuma, "Kaa, mayu, kaa chini, usianguke. Niko hapa, niko hapa." Maneno yalinitoka yenyewe.

Nilipoinua macho, yule mhudumu alikuwa amesimama pembeni yetu, kaja kusaidia. Alinisikia. Alinitazama usoni, akamtazama Minza, akanitazama tena. Akaokota vitu vya kwenye kapu, akavipanga, akaondoka.

Minza aliposikia mimi ni wa kwao, alinishika mkono hakuniachia. Tukapanda basi moja. Njia yote ya Singida mpaka Shinyanga kichwa chake kiko begani kwangu, na humo ndimo alimonieleza.

Simu yake ilikuwa mbovu, sikioni haisikiki, mpaka aweke spika. Mama yake naye alikuwa na masikio mazito, usipopaza sauti hakupati. Yeye alikuwa Dar kumuuguza binti yake aliyejifungua, na aliposikia mama kazidiwa ndiyo akafunga safari. Kaka yake, Masanja, alikuwa anamshikia mama simu pale kitandani.

"Tulimuuliza habari za ng'ombe na choroko kwa sababu ndizo alizozitaka," aliniambia. "Ukimwambia pole mayu, anakasirika. Ukimuuliza ng'ombe, anajibu."

Nikamfunika vizuri na kitenge chake.

"Masanja kanieleza kwamba nilipokata, mayu alimuuliza, 'Huyu mtoto mbona kanyamaza?' Masanja akapiga tena, akakuta nimezima. Akamwambia yuko kwenye treni, atapiga. Mayu akasema, 'Haya.' Basi. Hilo ndilo neno lake la mwisho. Haya."

Ole wangu! Nilitaka basi lipasuke nitoke nje!

Na bado akanigeukia na yale macho yaliyovimba, akasema, "Mungu kakuleta, dada. Ningekuwa peke yangu leo ningekufa."

Ungefanya nini wewe? Mimi nilimfuta machozi.

Nilikwenda kijijini kwao kuzika. Nilisonga ugali, nilibeba maji, nililala chini na wanawake wa msiba. Watu wakaanza kuambiana: huyu ndiye aliyemshika mwenzetu njiani. Kadiri nilivyofanya kazi ndivyo walivyonipenda, na kadiri walivyonipenda ndivyo mdomo ulivyozidi kuwa mzito.

Niliporudi nyumbani nikamwambia mume wangu ukweli wote. Akasema, "Mwambie. Atalia, atakutukana, yataisha."

Nilijaribu, haki ya Mungu. Minza siku za gulio huja dukani kwangu, ananiletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na maziwa kwenye kibuyu. Siku moja nikajikaza. "Minza, kwenye ile treni..."

"Usinikumbushe," akasema. Kisha akawaza. "Unajua, yule aliyenishtaki, siku nikimjua sitamtukana. Nitamuuliza tu, alisikia ubaya gani kwa mayu wangu?"

Nikaingia ndani nikajifanya natafuta kanga za kumwonyesha mteja. Mteja hakuwepo.

Ukaja wakati wa kumaliza msiba. Ukoo wote ulikusanyika, na mimi na mume wangu tukaalikwa kama ndugu. Wazee wakataka kusikia mtoto wao alipataje habari akiwa njiani. Minza akasema, "Dada yangu ndiye aeleze, mimi nilikuwa sijijui."

Nikasimama. Nikaeleza ya stesheni, nikaeleza ya basi. Watu wanatikisa vichwa. Kisha mama mdogo wa Minza, mdogo wa marehemu, akauliza kutoka kwenye mkeka, "Na huyo mtu aliyelalamika mpaka mtoto akazima simu, wewe ulimwona?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu. Mume wangu aliinua uso akanitazama. Minza ananitazama. Nilichotakiwa kusema ni neno moja tu: mimi.

"Nilimwona," nikasema. "Mwanaume. Mnene, mweupe, kavaa miwani. Tuliposhuka akaenda zake."

Mama mdogo akasema, "Mungu amwone huko huko aliko." Watu wakaitikia amina.

Na mimi nikaitikia amina!

Walinipa mbuzi. Mbuzi jike, mzuri, mbele ya ukoo mzima, kwa wema niliomtendea mtoto wao. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikapokea kamba kwa mikono miwili huku nimepiga magoti, kwa heshima.

Mume wangu ndiye aliyemswaga yule mbuzi hadi barabarani tulikopata usafiri. Tulipofika nyumbani akamfunga, akanawa mikono, ndipo akaongea.

"Yule mwanaume ulimtengeneza haraka sana. Mnene, mweupe, miwani. Hata hukufikiri."

Tangu siku hiyo nikimwambia nimechelewa kwa sababu ya mteja, ananitazama tu. Nikisema mzigo umekwama Shinyanga, anampigia dereva mwenyewe kuuliza. Hanigombezi, afadhali angenigombeza! Kilichopungua kati yetu sijui nikipate wapi.

Kuna wakati najiambia nitamwambia Minza leo. Ila sasa nitamwambia lipi? Kwamba nilimshtaki? Kwamba nilisema simwelewi? Kwamba nilisimama mbele ya mama yake mdogo nikamtungia mtu asiyekuwepo? Kila nikikaa kimya siku moja, kosa linazaa jingine. Nimeshafika mahali nikisema ukweli namuua, nikikaa kimya namuibia. Sioni pa kutokea.

Wiki hii alikuja tena. Akakaa kwenye kile kistuli cha wateja, akawa anachezea simu yake, anaona aibu kusema. Mwisho akasema, "Dada, nina ombi. Nifundishe kuandika meseji."

Nikamuuliza za nini, wakati yeye siku zote ni mtu wa kupiga.

"Binti yangu anataka niende tena Dar kumwona mjukuu," akasema. "Nitapanda ile treni. Sitaki tena kusumbua watu. Sisi tunaongea kwa sauti sana, dada. Nilikuwa sijui."

Mungu wangu! Mwanamke huyu anaona kosa ni lake!

Nimemkubalia. Ameshajua kuandika jina la binti yake, anabonyeza herufi moja moja kwa kidole gumba, anacheka mwenyewe akipatia. Mimi nimekaa pembeni namwelekeza, na machozi nayarudisha ndani.

Wewe unayesoma, sikuambii watu wapige kelele kwenye treni. Ustaarabu ni kitu kizuri, na mimi mwenyewe naupenda. Nakuomba jambo moja. Ukimsikia mtu anapaza sauti kwenye simu, kabla hujamwita mhudumu, msogelee umuulize kama huko anakopiga ni salama. Na kama unaijua lugha yake, usiikane mbele ya watu ambao mkishuka hutawaona tena. Wale dada wawili hata majina yao siyajui.