Marudio Hayaonekani kwa Macho

Mimi ni mtu wa aibu. Shuleni nilikuwa najua jibu nanyamaza, mpaka nikamaliza darasa la saba walimu wakidhani sijui kitu. Kuandika pia naandika polepole. Lakini huenda kuna dada atasoma maneno haya akiwa wodini, kama nilivyolala mimi. Basi dada, shikamoo kama umenizidi, na kama ni mdogo wangu, hujambo. Naitwa Kabula. Sikuja kukwambia kwamba nimepona. Nimekuja kukwambia kwa nini neno hilo silisemi.

Kabla ya kuugua nilikuwa na nguvu. Tunaishi upande wa Bulyanhulu, na kazi yangu ilikuwa mwaloni, pale wachimbaji wadogo wanapooshea dhahabu. Mawe yanasagwa kwenye mashine ya karasha mpaka yanakuwa unga. Sisi tunaumwagia maji unga ule juu ya ubao uliotandikwa magunia. Dhahabu inanasa kwenye gunia, mchanga unateremka. Mchanga huo ulioteremka tunauita marudio. Likumbuke neno hilo.

Ugonjwa ulianza na sketi kukataa kufunga. Mikono ilikonda, mashavu yakaingia ndani, tumbo tu ndilo lililokuwa linanenepa. Wenzangu mwaloni wakapata la kucheka.

"Kabula, na huo upole wako! Kumbe usiku una mambo!"

Mama alisubiri tukiwa wawili jikoni. Akaendelea kupepeta mchele bila kuniangalia.

"Mayu, binti yangu, niambie tu. Ni ya nani?"

"Mama, mimi sijalala na mtu."

"Tumbo hilo limeingia lenyewe?"

Kwenye zahanati walinipima mkojo, hakuna mimba. Wakanipa dawa za minyoo. Tumbo likazidi. Uji nikinywa vijiko viwili nimeshiba. Mkojo kila mara. Nikilala chali pumzi inakata, kwa hiyo nililala nimekaa, nimeegemea ukuta.

Baba mdogo Shija, ambaye ndiye aliyetulea baba yetu alipofariki, alikuja asubuhi moja akaniangalia akasema, "Hapa hakuna minyoo." Akanipakia kwenye pikipiki yake mpaka barabarani, tukapanda gari kwenda Shinyanga. Huko nilipigwa ultrasound. Yule mpimaji alikuwa anaongea sana, kisha ghafla akaenda kumwita daktari. Tukaandikiwa kwenda hospitali kubwa Mwanza.

Waliniingiza mrija ubavuni, yakatoka maji kama chai ya rangi, ndoo ikajaa. Daktari wangu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini, alivuta kiti akakaa.

"Ni saratani ya ovari, vile vifuko vya mayai ya uzazi. Tunatakiwa kuvitoa vyote viwili, pamoja na mfuko wa uzazi."

"Nitazaa?"

"Hapana, mdogo wangu. Hutazaa."

Nikajifunika shuka usoni. Hakuniambia nisilie. Alikaa pale mpaka nikamaliza, na hilo sijalisahau.

Walinipasua. Baadaye zikaja dripu za dawa ya saratani. Nywele zilibaki kwenye mto, mdomo ukawa na vidonda, kila chakula kikawa na ladha ya msumari. Nyayo zilikufa ganzi, nikawa natembea kama nimekanyaga sponji. Dripu zilipoisha, picha ikaonyesha tumbo liko safi. Tulirudi nyumbani, baba mdogo akachinja mbuzi, mimi nikasema mbele ya watu, "Nimepona." Nilijivunia sana kulitamka.

Nikarudi mwaloni. Pamba za majirani zilikuwa zimeanza kupasuka nilipoona choo kinakuwa kigumu. Kiuno kikauma. Chini ya kitovu nilipobonyeza nikakuta kitu kigumu kama kokwa ya embe. Daktari alipoiona picha alisema neno moja tu kuhusu ugonjwa.

"Umerudi."

Safari hii sikulia. Nilikasirika. Nilikasirika kama unavyomkasirikia mwizi aliyeingia tena kwa mlango uleule na anajua unapoweka vitu vyako. Nilimwambia daktari, "Fungua tena." Walifungua. Dripu zikarudi, na ganzi, na kutapika. Mama alinishika kichwa akasema, "Toa yote, mayu, tapika na jina lake."

Picha ikawa safi tena. Nilidhani nitaambiwa kwaheri. Daktari akavuta kile kiti.

"Kuna njia mbili. Unaweza kwenda nyumbani, ukawa unakuja kuangaliwa tu. Au unaweza kuendelea na kidonge kimoja kila siku, kwa muda mrefu, tukikuangalia vilevile. Aina yako inakua polepole na inapenda homoni za kike. Ovari hazipo, lakini mwili bado unatengeneza homoni hizo kidogo. Kidonge kinazipunguza. Hiki si cha kuondoa uvimbe, uvimbe hatuuoni tena. Ni cha kuzuia marudio."

Nikacheka. Akashangaa.

"Daktari, umesema marudio?"

"Ndiyo. Ugonjwa kurudi. Kinachekesha nini?"

Sikuweza kumweleza, aibu ilinishika. Nikamuuliza tu kama kidonge kinanihakikishia kwamba ugonjwa ndio basi. Akasema hapana. Kinaweza kuuchelewesha sana, unaweza pia kurudi hata nikikimeza. Akanitajia ubaya wake: viungo kuuma, joto la ghafla kama la wanawake waliokoma hedhi, mifupa kupungua nguvu. "Uamuzi ni wako," alisema. "Nenda ukafikiri."

Nyumbani baba mdogo alikuwa amekwisha kuahidi kuchinja ng'ombe wa shukrani, na watu wa jumuiya ya kanisani wamealikwa. Nilipomwambia habari ya kidonge alikasirika. Tulikuwa uani kwake. Kazi yake ni kununua marudio, na rundo lilikuwa nyuma yake, refu kuliko nyumba. Vijana wake walikuwa wanapakia mchanga kwenye lori.

"Picha imesema hakuna kitu," alisema. "Hakuna kitu ni hakuna kitu! Aliyepona hanywi dawa. Mimi nitasimama vipi mbele ya watu niseme mwanangu amepona, na wewe unameza kidonge? Watasema una ule ugonjwa mwingine."

"Waseme."

"Watakaokuja kukuposa je?"

"Hata ningekuwa nao huo mwingine, ningemeza dawa yake."

"Bebe, wewe! Leo umepata mdomo?"

Kwa kweli nilijishangaa. Maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kumjibu mkubwa. Na hata mimi nilikuwa nakitaka alichokitaka yeye. Nilitaka kuimaliza habari hii, nicheze ngoma, nisahau. Ndipo nikaliangalia lile rundo.

"Baba mdogo, hili rundo ni la nini?"

"Unaliona. Marudio."

"Limeshaoshwa?"

"Limeshaoshwa."

"Dhahabu unaiona humo?"

"Haionekani kwa macho. Imebaki ndogo ndogo mno."

"Kama haionekani, kwa nini umelinunua?"

"Si kwa sababu ukiliweka kwenye tenki ukalimwagia daw..."

Mkono wake ukabaki hewani. Kijana mmoja juu ya lori aliangua kicheko: "Mzee, umeshikwa!" Mwingine akapiga koleo kwa furaha.

"Na mimi nimeoshwa mara mbili," nilisema. "Ugonjwa kurudi, daktari mwenyewe anauita marudio."

Baba mdogo aliinama. Alichota mchanga, akauchekecha kiganjani muda mrefu, akauangalia kama hajawahi kuuona. Halafu akawafokea vijana wapakie, jua linazama.

Niliamua mimi. Nilirudi Mwanza nikachukua dawa.

Siku ya shukrani, mzee wa jumuiya alinisimamisha. "Kabula, waambie watu umepona!" Sauti haikutoka, unajua nilivyo. Nikatoa kidonge, kidogo, cha njano, nikakimeza mbele yao wote kwa maji ya kikombe. Ndipo sauti ikaja. Nilisema, "Nipo. Namshukuru Mungu, namshukuru mama, baba mdogo na daktari wangu. Nipo, na bado napigana." Wengine walinong'ona. Nyama waliila.

Sasa naumwa magoti asubuhi kama bibi. Joto likinipanda natoka nje kujipepea kwa kanga. Kuna siku nakichukia kidonge, nakimeza kwa chuki hivyohivyo. Tarehe ya kuangaliwa ikifika, naenda na hofu yangu. Ugonjwa ukirudi, utanikuta nimesimama mlangoni.

Dada, ukiona tumbo linajaa na wewe unakonda, usikubali minyoo peke yake, omba ultrasound. Kidonge changu usikiige, ugonjwa wako ni wako. Muulize daktari wako kila kitu, na ubaya wake pia. Halafu uamue wewe. Anayekutaka useme umepona ili yeye afurahi, mpe nyama ale.

Siku hizi baba mdogo akipita na pikipiki jioni hasalimii kwanza. Anapunguza mwendo kwenye uzio wetu, anapaza sauti mtaa mzima usikie:

"Mayu! Marudio umeyatilia dawa leo?"

Nami, mtu wa aibu, najibu kwa sauti ileile:

"Nimeyatilia!"