Sifa za Mwenye Ufunguo

Nina kitabu kinene cha washairi wa Kiarabu wa enzi za makhalifa, kwa tafsiri ya Kifaransa, jalada limeng'oka. Mke wangu hukitumia kuzuia dirisha lisijifunge. Washairi hao, husema, walikuwa ombaomba wenye sauti nzuri. Mimi, mwalimu wa sekondari hapa Ndosho, hukasirika kila mara, maana nawapenda.

Mwaka jana shefu wa avenue yetu, yaani mkuu wa mtaa, alitimiza mwaka mmoja kwenye cheo, akataka shairi. Ndiye aliyeshika ufunguo wa robine, bomba la maji la mtaa mzima, na alikuwa mtu wa kulala. Wanawake walipanga foleni bidoni zao za kuchotea maji tangu alfajiri, yeye akatokea saa tatu akipiga miayo, na wauzaji wakafika sokoni wamechelewa. Aliyelalamika, bidoni yake ilirudishwa mwisho wa foleni.

"Mwalimu, uniandikie kitu ya muzuri," akaniambia. "Batu bajue mimi ni nani."

Nilikubali upesi mno, mke wangu akaniangalia vibaya. "Na weye sasa uko mwombaji?"

Nikamweleza: khalifa alikuwa na upanga, mshairi alikuwa na maneno tu. Hakuthubutu kumwita mkubwa bahili. Alimsifu kwa ukarimu mbele ya baraza zima, na mkubwa akabaki na sifa zake mkononi, watu wote wakimtazama, akaona haya kuzitupa, ikambidi awe mkarimu kweli. Mke wangu alisikiliza akichagua maharage.

Siku ya sherehe nilisimama mbele ya watu. Nikamsifu shefu anayelitangulia jua robineni, ambaye hakuna mama aliyewahi kumngojea. Niliogopa kweli, maana angechukia, nyumba yangu isingeona maji. Kisha wanawake wakapiga vigelegele, mke wangu mbele yao, na shefu akainuka kuwapungia mkono. Nikajua ameamini kila neno, maskini. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi robine ilikuwa wazi.

Nilitembea kwa maringo wiki nzima. Jumapili mke wangu aliwakaribisha sebuleni wenzake wa kwaya ya kanisa, akaweka chini sahani ya ndizi.

"Huyu bwana yangu, hamumujui," akawaambia. "Kila asubuyi anaendaka kuchota mayi yeye mwenyewe. Mimi niko nalala."

Tangu tuoane sijawahi kuchota hata kopo moja. Wageni wakanipigia makofi, mmoja akanipa mkono. Nikatabasamu kama mjinga na kusema si kitu.

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni na bidoni mbili za njano, mwanamume peke yangu. Shefu alikuwa anahangaika na kufuli, macho yamevimba kwa usingizi. Akanitazama, akazitazama bidoni, akanitazama tena.

"Mwalimu," akauliza polepole, "na sifa yako weye, ni nani aliandika?"