Mkono Mtupu wa Ma Kokugonza

Enzi zetu, na msinicheke kwamba mwanamke wa miaka ishirini na sita naye ana enzi zake, sikukuu ya Uhuru pale Bukoba mjini haikuwa hotuba. Ilikuwa baiskeli. Hotuba tulizivumilia tu.

Wapandaji walikuwa watu wa kazi: wabeba kahawa, wauza ndizi, na fundi cherehani mmoja Mwislamu aliyekunja kanzu na kuibana kiunoni. Walifungua keria na madigadi, wakapaka cheni mafuta ya kupikia, wakajipanga mbele ya soko. Walipita katikati ya mji, penye maduka, hadi Hamugembe, halafu wakarudi. Kengele zililia mji mzima, na vumbi lilichanganyika na harufu ya senene wanaokaangwa, maana Desemba ni msimu wao. Vijana wa siku hizi wanasukuma baiskeli hata kwenye tambarare, eti cheni imelegea. Wamelegea wao.

Huko Hamugembe, penye kugeuzia, zamani alikaa karani na daftari, lakini kila mwaka watu waligombana kwamba ameandika ndugu zake. Wakubwa wakaamua akae mtoto. Mpandaji akifika anasimama, ananyoosha mkono, mtoto anamfunga kamba ya mgomba. Anayerudi sokoni bila kamba hakufika. Mwalimu wetu alinichagua mimi, nina miaka tisa, kwa sababu nilifunga haraka kuliko wote. "Mtoto hana upande," alisema. Hakunijua.

Mwaka ule aliingia mwanamke. Ma Kokugonza wa Ijuganyondo, mjane, alikuwa akileta ndizi sokoni kwa baiskeli ya marehemu mumewe. Watu walimzoea akiisukuma. Siku alipoipanda, sisi wanawake ndio tulianza kumsema. Mama yangu alisema, "Mwanamke akitanua miguu barabarani, nyumbani amebakiza nini?" Nikalibeba neno hilo shuleni, nikachekesha darasa zima. Zawadi ilikuwa matairi mawili mapya. Ya Ma Kokugonza yalikuwa yameshonwa kwa uzi wa katani. Kila mtu alijua kwa nini ameingia.

Asubuhi ile baba mdogo Rwegasira, mshindi wa miaka miwili mfululizo, alinipeleka Hamugembe mwenyewe. Njiani akanipa kifurushi cha jani la mgomba, bado kina joto. Senene. Kwetu mwanamke aliwakamata, akawanyonyoa mabawa, akawakaanga, akawatenga mbele ya wanaume, basi. Tuliambiwa msichana akiwala atazaa mtoto mwenye kichwa cha senene.

"Kula, mwisiki, binti yangu. Nani anakuona?"

"Nitazaa senene, baba mdogo."

"Aliyekwambia hivyo anawala jikoni." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Yule mama akifika, mfunge. Ila fundo usilikaze. Wanaume wazima tushindwe na gauni, mji utatuonaje?"

Nilikula wote. Nikalamba na jani.

Ma Kokugonza alifika wa kwanza. Gauni amelibana kwa kamba, jasho linamtiririka hadi kwenye kidevu. Akaninyooshea mkono. "Haraka mwanangu, wananijia!" Nikamfunga. Fundo la kweli nililijua, na la uongo nililijua pia. Akakanyaga pedeli akaenda, na kamba niliiona ikichezacheza mkononi mwake mpaka kwenye kona.

Niliporudishwa sokoni nilikuta zogo. Alikuwa amefika mbele ya wote, akainua mkono juu, mkono mtupu.

"Amekatiza migombani huyu!"

"Hamugembe ameiota!"

Msimamizi akanishika bega. "Wewe mtoto, huyu ulimfunga?"

Baba mdogo alikuwa amesimama pale na kamba yake, anayatazama matairi. Mdomo wangu ulinuka senene. Niliogopa nikiufungua watu watasikia harufu. Nikatikisa kichwa: hapana.

Ma Kokugonza aliniangalia, halafu akawaambia, "Mwacheni mtoto, jua limemchosha." Akaisukuma baiskeli yake kurudi Ijuganyondo, watoto wanamfuata wakimzomea. Haikupita miezi mitatu tairi la nyuma likaisha kabisa, ndizi zikapanda kichwani. Mpaka leo ziko kichwani. Nimemwona.

Binti yangu alipozaliwa, kitu cha kwanza nilimpapasa kichwa. Mkunga alidhani nambariki. Nilikuwa natafuta senene.

Sasa tunaambiwa mambo yamegeuka. Wasichana wanakula senene mbele ya baba mkwe na wanaomba waongezewe. Hapa Kishanda, nilikoolewa, mwenyekiti wa kijiji anahubiri usawa kila mkutano, na shamba la ujamaa tunalilima wake kwa waume. Juzi akatangaza mbio za baiskeli za watoto siku ya Uhuru. Wavulana tu! Nilisimama nikamwambia jembe langu hajawahi kuliuliza kama ni la kiume. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki. Akasalimu amri, wasichana wataingia. Mama mmoja akapiga makofi: "Huyu haogopi mtu!" Nikakaa chini, uso unaniwaka. Miaka kumi na saba nimeogopa neno moja.

Basi neno lenyewe ni hili, kwenu mliokuwa sokoni mkacheka, na leo mna watoto. Ma Kokugonza alifika Hamugembe. Alifika wa kwanza. Kamba ililegezwa na mimi. Karatasi hii haitaenda kwa mtu mwingine kabla sijampelekea yeye Jumamosi, na kwa kuwa hajui kusoma, nitamsomea kwa mdomo wangu huu huu.

Siku hizi katikati ya mji hakuna mashindano. Matairi yenyewe hayaonekani madukani, na kengele zile nazikumbuka kwa utamu ambao sistahili. Jana binti yangu, ambaye nimemsimulia nusu tu ya habari hii, aliniletea kamba ya mgomba akanyoosha mkono nimfunge kama wapandaji wa zamani. Nikamfunga.

"Mama, inabana."

Nikaiacha ibane.