Ghala Tulilolitoa kwa Makofi

Iko siku moja naikumbuka kila mahindi yanapoanza kukauka, mwanangu, na mpaka leo hainipi raha. Nilikuwa katibu wa ushirika wetu wa wakulima huku Tongaren, msichana aliyetoka kumaliza kidato cha nne, mwenye ulimi mwepesi. Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu, kampuni kubwa ilikuja kununua mahindi. Ilipandisha bei misimu miwili mfululizo, tukawasahau akina mama wachuuzi wa Kibomet na Bwana Singh mwenye kinu pale Kitale, waliotununulia tangu enzi za baba zetu. Kisha ikaomba ghala la ushirika, na ahadi kwamba hatutamuuzia mwingine.

Nilisimama mkutanoni nikasema tukubali. Mzee Wafula, mwenyekiti wetu wa kwanza, akanikatiza.

"Ati bei mzuri? Sasa Nekesa, akibaki peke yake, hiyo bei utauliza nani?"

Nikacheka, tena kwa sauti, mbele ya wazee. Nikasema mzee anaogopa maendeleo. Watu wakapiga makofi, nami nikaandika ahadi ile kwa mwandiko wangu mzuri. Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema, lakini mimi wahenga niliwaona watu wa zamani tu.

Msimu wa tatu mahindi yalikuwa mengi, na mvua ikaja kabla ya wakati wake. Tulipanga matrekta na mikokoteni ya punda kwenye lango la ghala letu wenyewe, karani wa kampuni akasema mahindi yana unyevu, turudi nayo. Turudi wapi? Siku ya nne bei ilishuka nusu, na bado lango halikufunguliwa. Tukamwita diwani. Alikuja ndani ya gari la kampuni, mwanangu, kiti cha mbele.

"Msikasirishe mwekezaji, bana," alituambia bila kushuka.

Nikakimbilia Kitale. Bwana Singh alikuwa akipakia mashine zake kwenye lori.

"Mimi nilingoja nyinyi misimu mbili," alisema, wala hakunitazama. Kibomet nako wale akina mama walikuwa wameshageukia mitumba.

Niliporudi, mahindi ya mama yalikuwa yameota ukungu chini ya turubai. Ukungu ule huua, hata ng'ombe hapewi. Tuliyamwaga shimoni gunia baada ya gunia, na karo ya wadogo zangu ikaenda nayo. Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Sasa tuende kwa nani?" aliniuliza.

Nikainua gunia lililofuata, nikalimwaga shimoni.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwanangu, na mimi nilivunja miguu ya kijiji kizima. Mkubwa akija na bei tamu, muuzie, lakini usimuuzie yeye peke yake. Mnunuzi mdogo mwachie gunia lake hata akilipa pungufu, maana ndiye utakayemkimbilia. Mali ya wote msiitoe kwa makofi. Kiongozi mkimwona anabebwa na mnunuzi wenu, mng'oeni kwa kura mapema, kabla hamjamhitaji. Na mzee akikuuliza swali, lijibu kwanza, kisha ucheke ukitaka.

Mungu abariki jembe lako, akupe majirani wasioogopa kukupinga, na mama yako akikuuliza pa kwenda, akujalie uwe na jibu.