Mwanambuzi Aliyebaki Mtoni

Nakumbuka Jumamosi moja kule Kyuso, mwanangu, na kilichonikumbusha ni kicheko chako cha jana. Eti mjomba wako Mutua, mzee mzima, anatoa machozi kwa wimbo wa katuni kwenye simu yako! Hebu keti hapa kidogo.

Enzi zetu televisheni sokoni ilikuwa moja tu, ya mwenye duka, nayo ilitumia betri ya gari. Kiingilio cha sisi watoto kilikuwa mtungi wa maji tuliyochota kwenye visima vya mchangani, mtoni. Katika kipindi cha masomo palikuwa na wimbo wa mwanambuzi anayevuka mto akirukia mawe, kila jiwe na herufi yake. Akiruka, nasi twaruka, mpaka mwenye duka anaziba masikio.

Siku hiyo aliruka a, akaruka e, i, o... betri ikaisha. Picha ikanywea katikati ya kioo, kwisha. Wenzetu waliguna wakaenda zao kucheza. Lakini kaka yangu mdogo, Mutua, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, alilia njia nzima. "Dada, mto utamchukua!" Tulipofika nyumbani, chakula akakikataa.

Baba mdogo alicheka mpaka akashika mbavu. "We Mutua, ile ni picha tu! Hakuna mbuzi pale!" Nami nikacheka, nionekane mkubwa.

Susu, nyanya yetu, hakucheka. Msimu wa mvua uliopita, mto wetu mkavu ulifurika ghafla ukazoa mbuzi wake, Mutua akiwa ukingoni anaona. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"Mnamcheka mtoto kwa sababu ana huruma?" akatuuliza. "Anayemlilia mbuzi wa picha, kesho atakulilia wewe. Mkimkausha machozi leo, mtakuja kuzikwa na watu wa macho makavu!"

Basi Susu, asiyejua hata herufi a, akapanga mawe uani, akamleta mwanambuzi wake. "Haya, imbeni. Mimi siujui." Tukaimba. Mbuzi akagoma kuruka, ng'o! Ikabidi baba mdogo yuleyule ambebe, jiwe kwa jiwe, hadi la u, alipokuwa mbuzi mamake. Mutua akapiga makofi, akadai chakula chake.

Jana ndiyo mara yake ya kwanza kuuona wimbo uleule mpaka mwisho tangu siku ile. Usidhani alililia katuni, mwanangu. Alimlilia Susu. Na ulipolazwa hospitalini ukiwa mdogo, mimi nimeishiwa nguvu, nani aliyeshika mkono wako akilia waziwazi mbele ya manesi? Ni huyo unayemcheka.

Kwa hivyo nakuusia: ukimkuta mtu analilia kitu cha utotoni, usimwambie ni picha tu. Kaa naye, imba naye mpaka wimbo uishe. Mungu akubariki, akuvushe kila mto, na usikose wa kukulilia. Sasa nenda kwa mjomba, na uibebe hiyo simu.